Ada ya Januari ndo inauza hisa, sio soko

Ukitaka kujua watu wa kawaida hapa Tanga walianzaje habari za hisa na hatifungani (hisa ni kipande cha kampuni, hatifungani ni hela unayoikopesha serikali au kampuni wakulipe riba), sahau ile picha ya kijana na kompyuta mbili mezani anaangalia mistari ya kijani na nyekundu. Ninaowajua mimi, na nawajua wengi maana kwenye kikoba chetu cha Ngamiani mi ndo katibu kwa hiyo hesabu za watu zinapita mkononi kwangu nitake nisitake, hamna aliyeanza kwa kusoma wala kwa semina. Walianza kwa sababu kitu kiliwafuata walipo. Mjomba wangu mwalimu kilimfuata benki anakochukulia mshahara, shangazi kilimfuata kwenye malori ya saruji yanayopita mbele ya nyumba yake, mama wa dagaa kilimfuata kwenye simu. Na bei ziliposhuka hawakuvumilia kwa ushujaa kama tunavyopenda kusimulia baada ya mambo kunyooka, wengine walibaki tu kwa sababu hawakujua pa kuuzia.

Ila kwanza tuelewane, mtu wa Tanga hafundishwi habari ya bei kupanda na kushuka. Mkoa huu umeishi kwa mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutokea kwenye hiyo miche michache nchi ikaja kuwa ya kwanza duniani, kufika 1964 tukawa tunatoa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka. Wazee waliokuwa mashambani wakati wa vita ya Korea wanasimulia hela ilivyokuwa inamwagika, bei ya katani ilipaa kiasi kwamba watu walidhani ndo itakuwa hivyo milele. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, na miaka ya tisini ukipita barabara ya kuelekea Korogwe unaona mapori tu yenye milingoti ya mkonge imesimama haina mwenyewe. Kwa hiyo wazazi wetu walijifunza somo lao, na somo lenyewe lilikuwa kwamba hela iwe kwenye kitu unachokiona: nyumba, minazi, ng'ombe, dhahabu ya mkononi ya mke. Karatasi inayosema una sehemu ya kampuni iliyoko Dar, hiyo ilikuwa ngumu kumeza, na mi siwalaumu hata kidogo.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lenyewe lilianza kuuza na kununua Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL wale wa gesi ya oksijeni, na kwa miaka mingi huku kwetu ilikuwa habari ya redioni tu, mtangazaji anasoma bei baada ya bei za mazao halafu unabadilisha stesheni.

Kilichobadilisha mambo ni mabenki. 2008 serikali iliuza sehemu ya hisa zake za NMB kwa wananchi kwa shilingi 600 hisa moja, na walimu karibu wote walikuwa wanapokea mshahara hapohapo, sasa mwalimu anaenda kuchukua hela yake anakuta tangazo ukutani na fomu mezani na wenzake wako kwenye foleni wanajaza. Mjomba hakujaza. Alisema anaangalia kwanza. Mwaka uliofuata CRDB nao wakaja, 2009, shilingi 150 kwa hisa, mjomba akaona hii ndo rahisi kuliko ile ya 600 akachukua hisa elfu mbili, laki tatu hiyo, hela aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya pikipiki. Hapa naomba niseme kitu maana nakisikia mpaka leo kwenye vikao vyetu: hisa ya 150 sio rahisi kuliko hisa ya 600. Bei ya hisa moja peke yake haikwambii chochote mpaka ujue kampuni ina hisa ngapi na inapata faida kiasi gani. Lakini ukimweleza mtu hivyo anakuangalia kama unamzungusha, kwake 150 ni ndogo kuliko 600 na mjadala umefungwa.

Basi hisa za mjomba zikapanda. Kufika 2014 zilikuwa zimepita mara mbili ya alichonunulia, na mjomba akawa mtaalamu, msibani yuko anaelezea gawio, ile sehemu ya faida kampuni inayowagawia wenye hisa, harusini yuko anaelezea gawio. 2015 benki ikawapa wenye hisa nafasi ya kuongeza hisa nyingine kwa shilingi 350, mjomba alitaka sana lakini mwaka huo alikuwa anapaua nyumba ya Mikanjuni, mabati yakala hela yote. Leo anasimulia kana kwamba aliona mbele. Hakuona kitu bana, ni mabati.

Maana baada ya hapo ndo zikaanza kushuka. 2016 serikali iliagiza fedha za taasisi zake zitoke benki za biashara ziende Benki Kuu, mikopo mibaya ikaongezeka kwenye mabenki, faida zikapungua, gawio la CRDB kwa mwaka 2017 likawa shilingi 5 tu kwa hisa. Yaani mjomba na hisa zake elfu mbili anapata elfu kumi, na hapo hujakata kodi ya asilimia 5. Bei nayo ikarudi mpaka ile 150 ya mwanzo, halafu ikapita ikiendelea kushuka, 2019 ikawa inacheza kwenye mia. Miaka kumi amekaa na kitu na kina thamani ndogo kuliko alivyokinunua, na usisahau hapo katikati Desemba 2011 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 20, kwa hiyo ile laki tatu ya 2009 hata ingerudi kamili isingekuwa laki tatu ileile.

Msibani akanyamaza.

Sasa hapa ndo naomba nikae kidogo, maana watu wanaosimulia habari za soko wanapenda kusema waliouza wakati wa kushuka waliuza kwa woga. Kwa niliyoyaona kwenye daftari la kikoba, mi naona sio kweli, au tuseme ni kweli kwa wachache sana. Mtu wa kawaida hapa hajui hata bei ya jana. Hisa zake zimo kwenye bahasha chini ya kanga kabatini, atazikumbuka barua ya gawio ikija. Kinachomuuza ni Januari. Elimu bila ada ilikuja 2016 kwa shule za serikali mpaka kidato cha nne, sawa, lakini anayekwenda bweni bado anatakiwa godoro, ndoo, jembe, sare jozi mbili, rimu ya karatasi, na nauli ya kumfikisha mtoto huko alikopangiwa, na mwenye mtoto shule binafsi ndo usiseme kabisa. Januari hiyohiyo mwenye nyumba wa fremu anataka kodi ya miezi sita. Mama mmoja kwenye kikundi chetu alikuwa na hisa za kampuni moja, jina naliacha, alizinunua wakati watu wote wananunua, na Januari 2018 akataka kuziuza. Hakuziuza kwa sababu zimeshuka. Wala hakuwa anajua kama zimeshuka, alijua akiwa kwa dalali wa hisa.

Na kuuza kwenyewe sio kama kuuza kuku kwamba unamshika unapeleka Mgandini unarudi na hela mchana. Unatoa agizo kwa dalali, dalali anaingiza sokoni, halafu unasubiri mnunuzi. Soko letu ni dogo, kuna hisa zinapita siku na siku hakuna aliyenunua hata moja. Yeye alisubiri mpaka mtoto akachelewa kuripoti shule, mwisho akapunguza bei ili zichukuliwe, kwa hiyo alipata hasara mara mbili, ya soko na ya haraka yake. Nilivyokaa naye kupiga hesabu aliniambia, "Katibu, mi sina tatizo na hisa, tatizo langu ni tarehe."

Hilo neno tulilijadili kikao kizima. Zamani kikoba chetu tulikuwa tunavunja kabla ya Idd, kila mtu achukue chake avae apike pilau, ni raha kweli, lakini Idd inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka na Januari iko palepale haisogei, kwa hiyo kuna miaka hela ilitoka mapema sana ikaisha na kuna miaka ilitoka wakati shule zimeshafunguliwa. Tukabadilisha tukawa tunavunja wiki ya mwisho ya Desemba. Kulikuwa na ugomvi, kuna mama alisusa vikao viwili, ila tangu hapo sijaona mwanachama aliyeuza hisa kwa ajili ya godoro la shule. Sokoni hatukubadilisha kitu, bei iliendelea kufanya inavyotaka, sisi tulisogeza tarehe yetu tu.

Mjomba je? Mjomba hakuuza kwa sababu mbili ambazo zote sio hekima. Ya kwanza mshahara wa mwalimu unaingia kila mwezi hata kama mdogo, kwa hiyo Januari yake haikuwa kali kama ya mama muuza mitumba. Ya pili, akaunti yake ya CDS aliyofunguliwa, ile inayotunza rekodi ya hisa zako sokoni, hakujua karatasi kaiweka wapi. Basi akakaa. Gawio la mwaka 2019 likawa shilingi 17, la 2020 likawa 22, la 2021 likaruka kufika 36, la 2022 likawa 45, la 2023 likawa 50. Piga hesabu mwenyewe, hisa elfu mbili mara hamsini ni laki moja, toa asilimia 5 unabaki na elfu tisini na tano, kwa mtaji wa laki tatu. Na bei ndani ya 2024 ikapita 500. Msibani amerudi anaongea, na ile karatasi ya CDS sasa ameilaminisha.

Ila nisiwadanganye, sio kila aliyevumilia alikuta neema. Vodacom walipouza hisa 2017 kwa shilingi 850, baada ya sheria kutaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa umma, ilikuwa ni mauzo makubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana sokoni kwetu, zaidi ya shilingi bilioni 470, muda ukaongezwa na mwisho wageni wakaruhusiwa kununua ili hisa ziishe. Miaka ikapita, bei ikakaa chini ya ile 850, na aliyenunua siku ya kwanza alisubiri sana. Kwa hiyo anayekwambia "ukikaa tu lazima ipande" muulize ipi, na lini, na wakati unasubiri unakula nini.

Shangazi yangu habari yake ni tofauti kabisa na ndo inayonifurahisha kuliko zote. Tanga asilimia kubwa ni Waislamu, na swali la kwanza mtu anauliza kabla ya faida ni kama kitu chenyewe ni halali. Shangazi alikwenda kumuuliza sheikh wake akaambiwa biashara ya kushirikiana faida na hasara haina neno, ila angalia kampuni inauza nini na inapataje hela yake. Basi akaanza kuchambua soko kwa mtindo wake: bia hapana, sigara hapana, benki za riba hapana, akashuka orodha mpaka akabaki na vitu vichache, na kati ya hivyo kimoja kiko Pongwe anakiona. Saruji ya Simba. Tanga Cement iliingia sokoni 2002 na shangazi alinunua baadaye kidogo, na uchambuzi wake wa kifedha ulikuwa ni kuhesabu malori. Malori yakipita mengi anasema mambo mazuri, yakipungua anapiga simu kwa mwanawe amuulize kuna nini.

Malori hayakumwambia yote. Kiwanda kilijenga tanuru la pili na kujenga tanuru ni madeni, na wakati huohuo mwishoni mwa 2015 Dangote alianza kutoa saruji Mtwara, bei ya mfuko ikabanwa nchi nzima, gawio likakatika miaka kadhaa na bei ya hisa ikaenda chini vibaya. Malori yanapita, moshi unatoka, na shangazi hapati kitu. Hilo lilimsumbua kichwa sana, alikuwa anasema kama saruji inatoka hela inakwenda wapi, na ni swali zuri tu, jibu lake ni kwamba mwenye hisa ndo mtu wa mwisho kwenye foleni, kwanza mfanyakazi, kwanza mwenye makaa ya mawe, kwanza benki iliyokopesha, kwanza kodi, kikibaki ndo chako. Halafu mwishoni mwa 2021 ikasikika kwamba Scancem, wa kundi la Heidelberg ambao pia ndo wenye saruji ya Twiga, wanataka kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement zilizokuwa za kampuni ya AfriSam. Bei ikaruka. Kukawa na kesi za ushindani, wengine wanasema Simba na Twiga wakiwa zizi moja mwananchi ataumia, jambo likazunguka mpaka 2023 ndo likakamilika, na 2024 hisa hizo zikaingia mikononi mwa Amsons, Watanzania. Wakati wote huo bei inapanda inashuka kwa habari za mahakamani na mikutano ya mabwana wakubwa, na watoto wa shangazi wanampigia simu uza mama, shika mama, uza mama. Yeye akawajibu hajanunua kesi, amenunua saruji. Akakaa nazo. Kama alifanya vizuri au vibaya mi sijui na sidhani kama yeye anajali, ila niliona kitu pale, mtu mwenye sababu yake mwenyewe ya kununua hatikiswi kirahisi na simu za watu, hata kama sababu yenyewe ni ya malori.

Na kwa wenye msimamo kama wa shangazi mambo yamefunguka kidogo siku hizi, benki ya KCB walitoa sukuk yao 2022, yaani hatifungani isiyo ya riba, watu wakanunua mpaka ikazidi lengo, kwa hiyo swali la riba sio lazima limuache mtu na kibubu peke yake.

Sitaki kupoteza muda kwenye zile za kupanda mbegu uvune mara mbili. DECI, mojawapo ya hizo, iliposimamishwa na serikali 2009 nchi nzima ililia, viongozi wake wakafikishwa mahakamani, na bado kila baada ya miaka miwili mitatu anakuja mtu mjini na jina jipya, mara kuku, mara mafuta, mara sarafu za kwenye mtandao. Nitasema kimoja tu nilichokiona: zile hazishuki. Ndo alama yake. Mjomba ameona kushuka, shangazi ameona kushuka, lakini mtu wa mbegu kila wiki anaambiwa imepanda mpaka siku ofisi inakutwa na kufuli.

Twende kwa mama wa dagaa maana huyu ndo mwekezaji ninayemheshimu kuliko wote na darasa aliishia la saba. Ananunua dagaa kwa wavuvi Sahare na Deep Sea, anakausha, anapeleka Lushoto na Korogwe. Sasa dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo hela yake iko kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi na wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Na kusi likivuma, Juni Julai, bahari inachafuka anaweza akakaa hata giza likapita hajapata cha maana. Ukifikiria, huyu mama amezaliwa ndani ya kupanda na kushuka, ratiba anayo kwenye mwezi. Shida yake ilikuwa hela ya giza inaliwa kabla mbalamwezi haijaisha, ikikaa ndani mume anaijua, mashemeji wanaijua, kila mwenye shida anaijua.

Binti yake aliyesoma chuo ndo alimfungulia UTT, mifuko ya kuwekeza kwa pamoja, ule Mfuko wa Ukwasi, kwa simu. UTT yenyewe ni ya serikali, mfuko wa kwanza wa Umoja ulianza 2005, unanunua vipande na thamani ya kipande inatangazwa, na huu wa Ukwasi hela inawekwa kwenye vitu vya muda mfupi kwa hiyo haina yale mashimo ya hisa. Mama akaanza: giza likilipa anatupia, mbalamwezi anachomoa kidogo, kusi likianza anachomoa zaidi. Ikabidi azoee kwamba akiomba hela haiji siku hiyohiyo, inachukua siku kadhaa za kazi, na Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, kwa hiyo anaomba kabla mwezi haujajaa. Hakuna mshauri wa fedha aliyemfundisha hilo. Na baada ya muda akaona kuna kiasi hakiguswi kamwe, kimekaa tu chini kama mkia wa dagaa kwenye gunia, ndo akakihamishia kule Umoja kwenye hisa hisa, akasema hicho kikishuka kishuke, sikili.

Binti alitaka aanze na Umoja moja kwa moja maana unakua zaidi. Ningekuwa mimi labda ningemsikiliza binti. Lakini ukiangalia vizuri mama alikuwa sahihi, maana angeweka hela ya kusi kwenye kitu kinachoshuka halafu kusi na kushuka vikutane mwezi mmoja, ndo yaleyale ya Januari.

Hatifungani za serikali ndo ziliingia mwisho kwenye mazungumzo yetu, na zililetwa na mzee mmoja mstaafu wa bandari. Alipata mafao yake, na mjini mtu akipata mafao ndugu wanajua kabla yake. Kuna waliomshauri anunue daladala, kuna waliotaka afungue duka la vifaa. Yeye 2021 akapeleka milioni kumi Benki Kuu kwenye hatifungani ya miaka 25, mpya kabisa wakati ule, riba asilimia 15.95 kwa mwaka. Wanawe wakamcheka, baba una miaka sitini, miaka 25 utakuwa wapi? Akawajibu mtakuwepo nyie. Riba inakuja mara mbili kwa mwaka, ni kama laki saba na elfu tisini na saba na mia tano kila miezi sita, na haikatwi kodi. Unaweza kuanza na milioni moja, na sio kweli kwamba hela imefungwa mpaka 2046, ukitaka unaiuza sokoni kwa mtu mwingine.

Halafu 2022 serikali ikashusha riba za hatifungani mpya, ile ya miaka 25 ikawa asilimia 12.56. Mzee akaja kikaoni na wasiwasi akidhani na yake imeshushwa. Haijashushwa, yake imeandikwa 15.95 mpaka mwisho. Na zaidi ya hapo, kama mpya inatoa 12.56 na ya kwake inatoa 15.95 basi kila mtu anaitaka ya kwake, ikiuzwa sokoni inauzwa juu ya bei iliyoandikwa. Riba mpya ikishuka hatifungani ya zamani inapanda bei, riba mpya ikipanda ya zamani inashuka. Nililirudia hilo mara nyingi sana siku ile mpaka koo likakauka, na baadaye riba zilipopandishwa tena akaja mwenyewe kuniambia, "Katibu, yangu imeshuka bei kidogo ila siuzi," nikajua limeingia.

Kwa hiyo Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, walipotangaza hatifungani yao ya kijani, yaani ya miradi ya mazingira, mwanzoni mwa 2024 kikoba kilikuwa kimeshaiva. Shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5, kwa ajili ya kupanua maji Tanga jiji na Muheza na Pangani na Mkinga. Hapa ndo nilimuona mtu wa Tanga kwenye asili yake, maana hili ni karatasi lakini ni karatasi ya kitu anachokiona. Bwawa la Mabayani analijua, mto Zigi anaujua, bomba linapita mbele ya nyumba. Watu ambao miaka yote wanasema hisa ni mambo ya Dar waliuliza maswali mpaka saa mbili usiku, na maswali yalikuwa mazuri, riba italipwa na nini, kama watu hawalipi bili itakuwaje. Maana hiyo ndo hatari yenyewe, inalipwa na makusanyo ya maji. Tulichanga tukaingia kwa jina la kikundi, wenye kukataa riba tuliwaheshimu wakabaki kwenye fungu lao na hatukuwagusa. Jumla mauzo yalipita lengo kidogo. Mama mmoja sasa anasema bili ya maji anailipa bila kununa, maana riba yake imo humo.

Kinachonikera kimebaki kimoja na sio cha soko. Ni siri. Mwalimu mwenzake mjomba alifariki, mjane alikuwa hajui kama mume ana hisa, alijua ilipokuja meseji ya gawio kwenye simu ya marehemu ambayo kwa bahati mtoto alikuwa anaitumia. Kuzifuatilia ikabidi kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, cheti cha kifo, fomu za dalali, barua zikaenda zikarudi kwa sababu jina kwenye kitambulisho lilitofautiana herufi moja na lililoandikwa 2008. Hisa zenyewe zilikuwa zimepanda vizuri tu, ila alizunguka nazo zaidi ya mwaka. Tangu hapo kwenye daftari la kikoba kuna ukurasa wa nyuma, kila mwanachama anaandika ana nini na wapi na namba ya CDS, anafunga kwenye bahasha, anaandika jina la wa kufunguliwa. Sio kiasi, kiasi ni siri yake. Mama wa dagaa ameandika, shangazi ameandika, mzee wa bandari ameandika na kopi kampa kila mtoto. Mjomba bado. Anasema mkewe akijua zimefika zaidi ya milioni ataanza kutaja makochi.